Usiku wa prepo Nyange: wanafunzi waliokataa kupangwa

Aliyewahi kuwa mwalimu wa zamu katika shule ya bweni anaijua sauti ya prepo, yale masomo ya kujisomea usiku. Watu husema ni kimya. Si kimya hata kidogo. Madawati yanakwaruza sakafu, mtu anakohoa, kurasa zinafunuliwa, wa viti vya nyuma wanacheka huku wamejibana midomo, na mahali fulani kuna mtu anatafuna mahindi ya kukaanga akidhani humsikii. Ukipita dirishani na tochi yako sauti inashuka, ukishapita inarudi palepale. Masikio yangu yameizoea kwa miaka mingi hapa Ngara, Tanzania, mpakani na Rwanda. Ndiyo maana kisa cha Nyange, kila nikikirudia, hunianzia hapo kwenye prepo, kabla bunduki hazijaingia.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 18 Machi 1997, kiasi cha saa mbili usiku. Nyange iko magharibi mwa Rwanda, katika eneo lililokuwa chini ya Kibuye na ambalo leo liko wilaya ya Ngororero. Wanafunzi wa sekondari ya hapo walikuwa wameshakula chakula cha jioni na kurudi madarasani kujisomea. Watu wenye silaha wakaingia. Wanyarwanda waliwaita abacengezi, yaani wapenyezi: mabaki ya jeshi la zamani na wanamgambo wa Interahamwe waliohusika na mauaji ya kimbari ya 1994, waliokuwa wakivuka kutoka Zaire, Kongo ya leo, na kushambulia vijiji, magari na ofisi za serikali. Usiku ule walikuwa wameichagua shule. Wakaingia madarasa ya mwaka wa tano na wa sita, ambayo kwetu ni sawa na kidato cha tano na cha sita, wakatoa amri fupi: Wahutu wakae upande huu, Watutsi upande ule.

Wanafunzi hawakutengana.

Amri ikarudiwa kwa vitisho. Msichana mmoja, Marie Chantal Mujawamahoro, ndiye anayetajwa sana kuwa alijibu, na jibu lenyewe Rwanda nzima inalijua sasa: twese turi Abanyarwanda, sote ni Wanyarwanda. Madarasa yote mawili yalikataa. Zikafuata risasi na mabomu ya kurusha kwa mkono. Sita wakafa, Marie Chantal akiwa mmoja wao, wengi wakajeruhiwa, na katika waliojeruhiwa wapo waliokuja kufa baadaye. Wapo pia wanaotembea mpaka leo na ulemavu wa usiku ule.

Kisa chote ndicho hicho, kinasimulika kwa dakika moja, na labda hilo ndilo tatizo lake. Kikisimuliwa upesi kinageuka hadithi ya malaika: watoto wana mioyo safi, wakubwa tumechafuka, basi tujifunze kwao. Mimi nimefundisha watoto kwa zaidi ya miaka ishirini, na anayeniambia watoto wana mioyo safi namwomba aje akae nami bwenini wiki moja. Watoto wanaibiana sabuni. Wanapeana majina ya kuumiza, na wakimchagua mmoja wa kumwonea wanamwonea kwa mpangilio ambao jeshi lingeuonea wivu. Kwa hiyo Nyange hapakushinda usafi wa moyo. Kulikuwa na kitu kingine, na ili kukiona inabidi turudi nyuma kidogo.

Miaka mitatu kasoro mwezi mmoja kabla ya usiku ule, Nyange hiyohiyo ilikuwa na kanisa. Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, Watutsi wa eneo hilo walikimbilia humo kujificha, wakiamini, kama walivyoamini wengi nchini, kwamba nyumba ya Mungu haiguswi. Tarehe 16 lililetwa tingatinga, likaliangusha kanisa juu yao. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa hapa kwetu Arusha, ilikadiria kuwa waliokuwa ndani walikuwa watu wapatao 1,500. Padri aliyekuwa na dhamana ya parokia, Athanase Seromba, alihukumiwa miaka 15 jela Desemba 2006. Alipokata rufaa, Machi 2008, kifungo kikapandishwa kuwa cha maisha. Kati ya mambo ambayo majaji wa rufaa waliyazingatia ni kwamba alimwonyesha dereva wa tingatinga upande dhaifu wa jengo.

Hapo huwa nashindwa kusonga mbele. Mtu mzima, msomi, aliyewabatiza watoto wa watu, anaonyesha kwa kidole ukuta ulio rahisi kuanguka. Kisha baada ya miaka mitatu, katika eneo lilelile, mwanafunzi mwenye kalamu mkononi anaulizwa swali jepesi kuliko yote duniani, wewe ni nani, na anakataa kulijibu.

Swali lenyewe halikuzaliwa msituni pamoja na abacengezi. Lilizaliwa ofisini, likalelewa darasani. Wabelgiji ndio waliowaandikia Wanyarwanda kabila kwenye kitambulisho, miaka ya 1930, na serikali zilizofuata baada ya uhuru wa 1962 zikakihifadhi kipengele hicho kama urithi wa thamani. Nafasi za sekondari ziligawiwa kwa uwiano wa kabila, hivyo ilibidi shule ijue nani ni nani. Njia ya kujua ilikuwa rahisi sana. Wanyarwanda wengi waliosoma kabla ya 1994 wanasimulia jambo moja kwa maneno yanayokaribiana: mwalimu anasimama mbele ya darasa na kusema, Wahutu simameni, kisha, Watutsi simameni. Anahesabu na kuandika. Katika simulizi hizo kuna mtoto ambaye hajui asimame lini, maana nyumbani hakuwahi kuambiwa. Anasimama na rafiki yake. Darasa linacheka, na mwalimu anamwambia nenda kamuulize baba yako.

Kwa hiyo waliposema abacengezi huku Wahutu, kule Watutsi, hawakuwa wanaleta jambo geni darasani. Walikuwa wanaita mahudhurio. Waliyatumia masomo ambayo walimu wenzangu walikuwa wameyafundisha kwa miaka sitini hivi, tena katika chumba kilekile chenye ubao na madawati. Na watoto wa Nyange walichokataa ni mahudhurio hayo.

Sasa tuwatazame wenyewe. Neno watoto nalitumia kwa mazoea ya ualimu. Hao walikuwa vijana wa madarasa ya juu, na kwa kuwa vita vilikuwa vimekatisha masomo ya wengi, baadhi yao walikuwa wameshavuka umri ambao sheria ingewaita watoto. Ila walikuwa wanafunzi. Walikuwa wanaamka kwa kengele na kulala kwa kengele, na wazazi wao, kwa waliobahatika kuwa nao, bado waliwaita watoto.

Rwanda ya Machi 1997 haikuwa nchi iliyopona. Novemba 1996 mamia ya maelfu ya wakimbizi walirudi kwa mkupuo kutoka Zaire, na Desemba waliokuwa huku kwetu Ngara nao wakarudishwa. Magereza yalikuwa na zaidi ya watu 100,000 waliosubiri kesi za mauaji ya kimbari. Ukiingia darasa lolote la sekondari wakati huo ulikuwa na uwezekano wa kukuta, kwenye benchi moja, yatima ambaye ukoo wake uliteketea, mtoto ambaye baba yake yuko gerezani kwa tuhuma za kuteketeza koo, aliyezaliwa ukimbizini Uganda au Burundi ambaye hata kilima cha babu yake hakijui, na aliyetoka kambini juzi. Somo la historia lilikuwa limesimamishwa nchini, kwa sababu wakubwa walishindwa kukubaliana waseme nini. Mtaala wa amani haukuwapo.

Wazee wetu husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nyange methali hiyo inakwama. Kizazi kile kililelewa na redio iliyowaita majirani mende, kikaona barabara zenye vizuizi, kikaona vitambulisho vinakaguliwa na mwenye kilichoandikwa Mtutsi anauawa pembeni. Malezi hayo yalizaa matunda pia. Maelfu ya waliowekwa mahabusu baada ya 1994 walikuwa na umri wa chini ya miaka 18 wakati wa mauaji. Watoto walijifunza kwa wakubwa na wengine walifaulu vizuri mno.

Walionusurika Nyange wamekuwa wakieleza hadharani kwamba umoja wao haukuwa wa kuzaliwa. Waliishi pamoja, wakala pamoja, wakasoma pamoja, wakazungumza. Maelezo hayo msomaji anaweza kuyapita haraka kwa kuwa yanafanana na risala ya mgeni rasmi, lakini kwa aliyekaa bwenini yana uzito. Kuishi pamoja bwenini maana yake ni kujua nani anaota usiku na kupiga kelele. Ni kumshikia mtu ndoo bombani. Ni kumjua mwenzako kwa namna anavyofunga shuka yake, na kujua kwamba mwezi huu hana sabuni na hatasema. Baada ya mihula kadhaa ya hayo, mtu akikuuliza huyu ni kabila gani, swali linakuwa kama limekosea mlango. Unamjua sana huyo mtu kiasi kwamba swali halina pa kukaa.

Sehemu ambayo naona haizungumzwi vya kutosha ni hesabu ya kile kitendo chenyewe.

Wale watu wenye silaha walikuwa na kila kitu isipokuwa kimoja: hawakujua nani ni nani. Sura hazisemi, maana Rwanda watu ni wa lugha moja, wa dini zilezile, na wa majina yanayofanana. Kazi ya kutenganisha walihitaji ifanywe na wanafunzi wenyewe, kwa miguu yao. Bunduki inaweza kuua darasa zima, lakini haiwezi kulipanga.

Na angalia mtego ulivyotegwa. Kwa mwanafunzi wa Kihutu palikuwa na mlango, au angalau palionekana kuwa na mlango. Kusimama na kusogea hatua nne kulia kulitosha. Asingemtaja mtu, asingemgusa mtu, angesema tu ukweli juu yake mwenyewe. Ila akisogea mmoja tu, waliobaki wamekwisha kutajwa. Hivyo kukaa kwake kwenye dawati ndiko kulikokuwa kumfunika mwenzake. Na kwa mwanafunzi wa Kitutsi nako kulikuwa na mzigo wake: angeweza kusimama ili wengine wasife kwa ajili yake. Walipokaa wote, kila mmoja alikuwa amepokea hatari ya mwenzake na kumpa ya kwake.

Huruma tuliyoizoea hutoka juu kwenda chini. Mwenye nacho anamhurumia asiye nacho, mzima anamhurumia mgonjwa, sarafu inadondoka kwenye kopo. Ile ya Nyange haikuwa na juu wala chini, na haikuhitaji hata machozi. Ilikuwa ni kutosogea.

Wiki sita baadaye, tarehe 30 Aprili 1997, jambo hilohilo lilitokea Burundi, katika seminari ndogo ya Buta, Bururi. Washambuliaji waliingia alfajiri bwenini, wakawaamuru vijana watengane Wahutu na Watutsi. Wakakataa. Waliuawa arobaini. Buta na Nyange ni nchi mbili, na sijui habari zozote zinazoonyesha kwamba vijana wa Buta walikuwa wanawaiga wa Nyange. Kilichofanana ni bweni.

Kenya nako swali hilo limeulizwa, kwa dini badala ya kabila. Novemba 2014 karibu na Mandera, wasafiri 28 waliuawa baada ya kushushwa kwenye basi na kutengwa kama wasio Waislamu. Desemba 2015, katika basi jingine la Mandera, al-Shabaab walipotoa amri ileile, Waislamu waliokuwamo walikataa kutoka peke yao, na inasimuliwa kwamba wanawake waliwapa wenzao wa Kikristo mitandio wajifunike. Mmoja wa waliopigwa risasi, Salah Farah, alifariki Januari 2016 kutokana na majeraha hayo. Alikuwa mwalimu. Nalitaja hilo ili nisionekane kuwavunjia heshima wakubwa wote, na kidogo kwa fahari ya kazi yangu.

Rwanda imewaenzi wanafunzi wa Nyange kwa heshima ya kitaifa. Wote 47 wameingizwa katika daraja la mashujaa liitwalo Imena, wafu na walio hai, na hutajwa kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa. Katika daraja hilo wamo na mfalme Mutara Rudahigwa na aliyekuwa waziri mkuu Agathe Uwilingiyimana. Ni jambo jema. Hata hivyo nina shaka moja, na nitaisema kwa adabu ya mgeni. Maneno sote ni Wanyarwanda leo ni lugha ya serikali. Yako kwenye mabango na hotuba, na kitambulisho cha sasa hakina kabila. Maneno yaleyale yakitoka juu kwenda kwa raia yana ladha tofauti na yalivyokuwa usiku ule. Darasani yalikuwa njia ya kumkatalia mwenye nguvu. Mwenye nguvu akiyasema yeye, raia atayapinga vipi hata akiwa na la kusema? Wanafunzi hawakusema kwamba hakuna kilichotokea 1994. Wao, kuliko mtu yeyote, walijua kilichotokea. Walisema tu kwamba orodha hiyo hawataiandika.

Na kuna jambo la pili kuhusu kuwaita watoto mashujaa. Tunafanya hivyo haraka mno. Ukishamwita mtu shujaa umemweka mbali nawe, kwenye jukwaa, pamoja na shada la maua, na wewe unarudi kwenye shughuli zako. Mwanafunzi mwenye chuma cha bomu mwilini anahitaji daktari kuliko shairi.

Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka kumi na minne Aprili 1994, wakati wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka mpaka wa Rusumo kwa muda wa kama siku moja na kuingia wilaya yetu. Kilichokuwa mbuga kikawa mji wa maturubai, Benaco. Sisi watoto wa vijiji vya karibu tulicheza chandimu na watoto wa kambini, na ningependa kuandika hapa kwamba hatukuulizana makabila. Tuliulizana. Tulikuwa tumesikia wakubwa wakiuliza wanaokuja kutafuta vibarua, tukaona ndiyo salamu yao. Kuna kijana mmoja, golikipa mzuri sana, ambaye kila akiulizwa alisema yeye ni golikipa. Tulimcheka. Tulidhani Kihangaza chetu hakukielewa.

Miaka kumi na mitano baadaye nilikuwa mwalimu, na nilikuwa na karatasi mkononi. Hapa sitaitaja shule. Ilikuwa 2009, kabla ada haijafutwa katika sekondari za serikali, na mkuu wa shule alikuwa amenipa orodha ya wanaodaiwa ada na michango. Wanafunzi walikuwa mstarini asubuhi. Nikasema kwa sauti ya uwanjani: waliomaliza kulipa, kulia, wanaodaiwa, kushoto. Wa kushoto wangerudi nyumbani mpaka walete fedha. Sikuona ubaya wowote. Ilikuwa ni utaratibu, na ilinirahisishia kazi, kwa sababu orodha yenyewe ilikuwa na makosa na sikutaka kuanza kubishana jina kwa jina. Wao wenyewe wanajijua, nilifikiri. Waache wajipange.

Mvulana mmoja wa kidato cha pili akaenda kushoto. Nilimfahamu, baba yake alikuwa na duka na alilipa muhula mzima siku ya kwanza. Nikamwambia, wewe umelipa, nenda kulia. Hakusogea. Nikamwita mbele. Nikamuuliza anatafuta nini kwa wadaiwa.

“Tunatumia kitabu kimoja, mwalimu.”

Alimwonyesha kwa kidevu mwenzake waliyekaa naye dawati moja. Kitabu chenyewe kilikuwa cha fizikia, cha shule, kimepoteza jalada, kila dawati limepewa kimoja. Nadhani alikuwa amepiga hesabu kwamba mwenzake akirudishwa nyumbani wiki mbili atapitwa, na wakirudi hawatakuwa ukurasa mmoja. Au labda hakupiga hesabu yoyote. Nilimpiga viboko viwili kwa utovu wa nidhamu, na akaondoka na kundi la kushoto vilevile, akatembea nao mpaka getini na kupita. Jumatatu alirudi. Mwenzake alirudi siku kumi baadaye.

Najua ada si panga, na mstari wa asubuhi si kizuizi cha barabarani. Sifananishi. Ila siku nilipokisoma kisa cha Nyange kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, nilipofika kwenye ile amri ya huku na kule, mkono uliokuwa na karatasi niliutambua. Nilikuwa nimesimama upande wa mlangoni, siyo kwenye madawati. Sauti niliyoitumia naikumbuka. Ni sauti ya mtu anayewataka watu wenyewe wamfanyie kazi ya kuwatenga.

Tangu hapo siwezi kufundisha kisa hiki kama mafunzo ya vijana. Nimejaribu kukipeleka kwenye vikao vya walimu, na maswali tunayoulizana huko ni madogo sana. Nani anasimamishwa mbele ya wenzake na kwa kosa gani? Chakula kinapangwaje kwa wasiochangia? Yule aliyehamia katikati ya muhula analala na nani? Hakuna aliyewahi kutoka machozi kwenye kikao hicho, na chai huwa inapoa tukiwa bado tunabishana kuhusu vitanda.

Kuna swali moja kubwa nimelikwepa muda mrefu. Nina binti anayesoma bweni. Ikitokea usiku kama ule, ningetaka afanye nini? Nikiwa mkweli, na mke wangu akiwa hasikii, jibu langu ni kwamba ningetaka atoke. Aseme lolote, asogee kulia, asogee kushoto, apande hata ukuta, mradi aje nyumbani. Hiyo ndiyo hekima ya mzazi na sijui mzazi mwenye nyingine. Na hapo hapo naona kwamba abacengezi waliitegemea hekima hiyohiyo. Walihesabu kuwa kila mwanafunzi amelelewa na mtu kama mimi, aliyemwambia jiokoe mwanangu. Kama watoto wale wangekuwa watiifu kwa mapenzi ya wazazi wao, upangaji ungekamilika ndani ya dakika mbili.

Siku ya kutembelea wanafunzi muhula uliopita nilimsimulia binti yangu kisa hiki. Tulikuwa chini ya mwembe, mama yake amefungua hotpoti, wali na kuku, na marafiki zake wawili ambao wazazi wao hawakuja walikuwa wanakula naye sahani moja bila kualikwa na mtu. Nilikisimulia vizuri, nilivyozoea, mpaka kwenye jibu la Marie Chantal. Nilisubiri aseme kitu kuhusu ujasiri.

Akameza, akafikiri kidogo.

“Baba, mwalimu wa zamu alikuwa wapi?”

Marafiki zake nao wakanitazama. Nikawaambia wale, wali unapoa.